Daktari Lucille Teasdale na Wanafunzi Wake wa Lacor

Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wauguzi wa hospitali yetu, na ninyi wanafunzi wa udaktari na uuguzi: wakubwa zangu shikamooni, vijana hamjambo.

Nimeombwa nimzungumzie mtu mmoja tu, na nashukuru kwa hilo. Mara nyingi siku kama hii tunawataja madaktari kumi kwa mkupuo, tunapiga makofi, na tukitoka nje hakuna hata mmoja aliyebaki kichwani. Nimemchagua Daktari Lucille Teasdale, mpasuaji kutoka Kanada aliyefanya kazi miaka 35 katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda.

Wanaomtaja kwa kawaida husema mambo mawili: idadi ya operesheni zake, inayokadiriwa kufika 13,000, na jinsi alivyofariki. Yote mawili nitayafikia. Lakini mimi ni mwalimu, na kilichonivuta kwake ni jambo jingine. Alipoondoka duniani, theata ya Lacor, yaani chumba chake cha upasuaji, haikufungwa. Wagonjwa walioletwa asubuhi iliyofuata walikuta watu wanaojua kupasua, kutoa usingizi na kulaza mgonjwa wodini. Watu hao walifundwa palepale, yeye akiwa miongoni mwa waliowafunda, wakati wa vita, bila vifaa vya kutosha, huku foleni ya wagonjwa ikiwa mlangoni. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame kwa utulivu.

Alizaliwa Montreal tarehe 30 Januari 1929, katika familia ya watoto saba. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, masista waliokuwa wamehudumu China walifika shuleni kwao kusimulia kazi yao, na binti yule akaamua siku hiyo kwamba atakuwa daktari. Alihitimu Chuo Kikuu cha Montreal mwaka 1955, akaingia upasuaji katika hospitali ya watoto ya Sainte-Justine, wakati ambapo wanawake wapasuaji katika jimbo lote la Quebec walikuwa wa kuhesabika. Kukamilisha ubingwa kulimtaka aende nje. Aliomba nafasi katika hospitali za Marekani akakataliwa. Kosa lake lilikuwa kuzaliwa mwanamke. Mwishowe alipokelewa Ufaransa, mjini Marseille. Dada zangu mlioko hapa, nawaona mnatazamana. Naam, mlango huo bado ni mzito hata leo, na ninyi mnajua ni idara zipi.

Kule Sainte-Justine alikuwa amefahamiana na daktari wa watoto kutoka Italia, Piero Corti. Piero alikuwa akitafuta mahali Afrika pa kujenga hospitali itakayotoa tiba bora kwa watu wengi iwezekanavyo kwa gharama ndogo iwezekanavyo. Alipapata Lacor: hospitali ndogo ya misheni iliyoanzishwa na Wamisionari wa Comboni mwaka 1959, yenye vitanda vichache, bila mpasuaji. Akamwomba Lucille aje miezi miwili tu kuanzisha upasuaji. Mshahara hakuwa nao. Alichoweza kumwahidi ni nauli ya ndege na hela ya sigara.

Lucille akafika Mei 1961. Wahenga wetu walishasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alilishika jembe mwenyewe kabla ya kupewa. Desemba mwaka uleule alifunga ndoa na Piero katika kanisa dogo la hospitali, na miezi miwili ile ikawa maisha yote.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi. Piero alijenga, alitafuta fedha, alibishana na wizara, alihangaikia maji, umeme na dawa. Lucille alitibu. Asubuhi alipitia wodi na kuwaona wagonjwa wa nje, mchana akaingia theata, na hapo hakutoka mpaka orodha iishe. Nataka mkumbuke kwamba mpasuaji pekee katika hospitali ya mbali hachagui kesi. Leo ni ngiri iliyonyonga utumbo, kesho ni mama ambaye mtoto amekwama siku mbili, keshokutwa ni mvunjiko wa paja. Aliyesomea upasuaji wa watoto hulazimika kuwa daktari wa kila kitu. Na kwa sababu hachagui kesi, hachagui pia wasaidizi: humfundisha aliyepo. Muuguzi aliyekuja kufunga vidonda anafundishwa kutoa usingizi. Kijana aliyekuwa akisafisha vyombo anajifunza jina la kila chombo na saa ya kukitoa. Ndivyo theata za hospitali nyingi za misheni Afrika Mashariki zilivyoanza, na wazee kadhaa waliostaafu katika hospitali zetu wanaweza kuwasimulia. Baadaye Lacor ikawa na shule yake ya wauguzi, kisha ikaruhusiwa kupokea madaktari wahitimu kwa mwaka wao wa mafunzo ya vitendo, yaani intani kama hawa waliokaa safu ya tatu, ambao naona wawili wametoka zamu ya usiku na wamekuja bila kulala.

Sasa nifike kwenye vita, maana bila vita hatuwezi kumwelewa mama huyu.

Sisi Watanzania Vita vya Kagera tunavijua kwa upande wetu: Idi Amin kuvamia mwaka 1978, vijana wetu kwenda mstari wa mbele, Kampala kuanguka Aprili 1979. Tusichokisimulia sana ni kilichotokea kaskazini baada ya hapo. Majeshi ya Amin yalirudi nyuma kuelekea Sudan na Kongo, na njia hiyo inapita karibu na Gulu. Yalipora yalipopita. Majeruhi walijaa Lacor, wanajeshi na raia, na mpasuaji alikuwa yeye. Baada ya hapo amani haikukaa. Serikali zilipinduana, na kuanzia nusu ya pili ya miaka ya themanini ukaja uasi ulioiumiza nchi ya Waacholi, wenyeji wa eneo la Gulu, kwa miaka ishirini, uasi wa Joseph Kony. Kuna miaka ambayo maelfu ya watu, wengi wao watoto, walikuwa wakiingia ndani ya uzio wa hospitali kila jioni kulala, ili wasitekwe.

Niruhusuni nifundishe kidogo, kwa kuwa siwezi kusimama mbele ya wanafunzi nikaeleza jeraha la vita kama mwandishi wa habari.

Jeraha la risasi kwa nje laweza kuwa tundu dogo kabisa. Ndani yake risasi imeacha misuli iliyosagika, vipande vya nguo na udongo, na kama imegonga mfupa, imeupasua ukawa vipande vyenye ncha kali. Daktari kijana anatamani kulifunga jeraha lile lionekane safi na ndugu wa mgonjwa waridhike. Akilifunga siku ileile, amefungia vijidudu ndani pamoja na nyama iliyokufa, na baada ya siku chache mguu umeoza. Kazi yenyewe ni kinyume: unalipanua jeraha, unakata nyama iliyokufa, unaosha kwa maji mengi, kisha unaliacha wazi chini ya bandeji. Siku ya nne au ya tano unarudi. Likiwa safi, ndipo unashona.

Na nyama iliyokufa utaijuaje? Ibane kwa koleo: iliyo hai hujikunja, iliyokufa hutulia. Ikate kidogo: iliyo hai hutoa damu. Tazama rangi yake, gusa uone kama ina uimara wa nyama au imekuwa tepetepe. Nimeyasema kwa dakika moja na mmeyaandika, lakini hakuna daktari aliyewahi kuyajua kwa kuandika. Lazima mtu aoshe mikono, asimame ng'ambo ya meza akimkabili mpasuaji, ashike koleo yeye mwenyewe, na mwalimu amwambie: bana hapa, umeona? Sasa bana hapa. Inachukua muda. Operesheni ambayo mkongwe angeimaliza kwa nusu saa inakuwa ya saa nzima, na nje kuna machela tatu zinasubiri. Kila mwalimu wa upasuaji anaijua hesabu hiyo na anajua jinsi inavyouma. Anayekubali kuilipa ndiye mwalimu.

Vile vipande vya mfupa, mara nyingi hutafutwa kwa kidole, maana jicho haliingii mle. Kidole kinapita kwenye ncha kali ndani ya damu. Katika hospitali nyingi za bara letu wakati ule glavu zilioshwa, zikatakaswa kwa mvuke na kuvaliwa tena, mpaka zinakuwa nyembamba na zenye matundu. Lucille alijikata mara kwa mara. Ukimwi ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, virusi vyake vikatambuliwa 1983, na kipimo cha damu kikaanza kupatikana 1985. Kwa hiyo alikuwa akijikata vidole katika miaka ambayo ugonjwa haukuwa hata na jina. Mwaka huohuo wa 1985 alipimwa, akaambiwa ana virusi. Makadirio ya wakati ule yalimpa kama miaka miwili ya kuishi.

Hapa nawageukia intani kwa dakika moja, mnisamehe. Ukijichoma sindano leo, una saa 72 za kuanza dawa za kinga, na kila saa unayochelewa inapunguza nafasi yako. Unazimeza siku 28. Dawa zipo. Msione haya, msisubiri zamu iishe, msimfiche muuguzi wa zamu. Huyu mama hakuwa na nafasi hiyo. Ninyi mnayo.

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya kuambiwa, na aliitumia kazini. Alidhoofika, aliugua maradhi nyemelezi, akatibiwa, akarudi wodini. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani liliwapa yeye na Piero Tuzo ya Sasakawa. Heshima za nchi yake, Kanada na Quebec, zilikuja katika miaka ya tisini. Alifariki tarehe 1 Agosti 1996 nchini Italia, akiwa na umri wa miaka 67, na mwili wake ukarudishwa Lacor kuzikwa.

Sitaki mdhani gharama ililipwa na yeye peke yake. Walikuwa na binti mmoja, Dominique, aliyezaliwa Uganda mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Alikulia katikati ya hospitali, na vita ilipozidi sehemu ya utoto wake aliipitisha mbali na wazazi. Leo naye ni daktari, na ameendelea kuisimamia kazi ya wazazi wake kupitia taasisi ya familia iliyoko Italia. Lakini mtoto aliyemkosa mama kwa sababu mama yuko theata anajua kitu ambacho sisi tunaopiga makofi hatukijui. Nadhani tunapowasifu watu wa aina hii ni haki tuwataje na watoto wao.

Mwaka 1983 alifika Lacor intani mmoja kutoka Makerere, Matthew Lukwiya. Alikuwa Muacholi wa Kitgum, baba yake mchuuzi wa samaki aliyefariki mapema. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora kabisa, na angeweza kupata kazi Kampala au ng'ambo. Alibaki Lacor. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi walivamia hospitali wakitaka kuwachukua masista. Lukwiya akajitoa achukuliwe yeye, akazungushwa porini kwa siku kadhaa kabla ya kuachiwa. Alikwenda Liverpool kusomea tiba ya magonjwa ya kitropiki, akang'ara, akarudi Lacor ileile. Kadiri Lucille na Piero walivyozeeka na kuugua, yeye ndiye aliyebebeshwa uongozi wa tiba.

Oktoba 2000, miaka minne baada ya mwalimu wake kuzikwa, Lukwiya alikuwa Kampala akisomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Akapigiwa simu: watu wanakufa kwa homa ya ajabu, na miongoni mwao wamo wanafunzi wa uuguzi. Akarudi Gulu. Alipitia mafaili ya wagonjwa na vitabu vya miongozo usiku, akaona dalili zinaelekea kwenye Ebola, akatoa taarifa na kuanza kuandaa wodi ya kuwatenga wagonjwa kabla majibu ya maabara hayajafika. Wauguzi walioingia wodi ile waliingia kwa kujitolea. Kabla mlipuko haujaisha watu 425 walikuwa wameugua na 224 wamefariki, wakiwemo wahudumu kadhaa wa Lacor. Novemba wafanyakazi walipoona wenzao wanakufa mfululizo, walikusanyika wakataka hospitali ifungwe. Lukwiya alisimama mbele yao akazungumza nao kwa muda mrefu, na hospitali haikufungwa. Muda mfupi baadaye yeye mwenyewe aliambukizwa alipokuwa akimhudumia mgonjwa, naye mgonjwa huyo alikuwa muuguzi. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na miaka 43. Walimzika karibu na Lucille.

Nimekaa kwa Lukwiya kwa makusudi. Mtu akiniuliza Lucille Teasdale alifanya nini Uganda, sitaanza na zile operesheni 13,000. Nitasema alikaa mahali pamoja muda wa kutosha hata kijana wa mahali pale akamkuta yupo, akajifunza, akampita. Ule uamuzi wa Oktoba 2000, wa kuwatenga wagonjwa bila kusubiri maabara, uliokoa watu ambao hatutawajua kamwe. Ulifanywa na daktari Muacholi katika hospitali iliyokuwa tayari ina wauguzi wake, nidhamu yake na mazoea ya kufanya kazi chini ya hatari. Mambo hayo hayaletwi kwa ndege wiki ambayo mlipuko umeanza.

Na sasa niseme neno ambalo huenda halitampendeza kila mmoja. Tunapokea wageni wengi wanaojitolea, na nawaheshimu. Wapo waliotuletea ujuzi tusiokuwa nao. Lakini nimeona pia ziara za wiki mbili ambazo mgeni anapasua kutwa nzima, wenzake aliokuja nao wanamsaidia, na intani wetu amesimama ukutani akitazama migongo yao. Wanaondoka, picha zinabaki, na mgonjwa aliyepata usaha siku ya kumi anakutana na daktari ambaye hajui alifanyiwa nini ndani. Mgeni wa namna hiyo ametibu watu, sikatai. Hakutuachia kitu cha kumtibu mgonjwa wa kesho. Tukiwapokea, tuwe na ujasiri wa kuwaambia kwa adabu: karibuni sana, na ng'ambo ya meza asimame wa kwetu.

Ila tusitupe lawama kwa wageni tu. Sisi wenyewe tuna mabingwa wanaofanya operesheni kwa kasi ili wawahi kliniki zao za jioni, na anayefundishwa anabaki mshika taa. Na kujitolea tumekuachia wazungu na masista, ilhali wauguzi walioingia wodi ya Ebola Gulu walikuwa watoto wa vijiji vya jirani, wengine wanafunzi wa rika lenu.

Lacor ya leo ina vitanda zaidi ya 450 na vituo vitatu vya afya vya nje, Amuru, Opit na Pabo. Chuo Kikuu cha Gulu kilipofungua kitivo cha udaktari mwaka 2004, wanafunzi wake walipelekwa kujifunza kwenye wodi hizo. Uongozi wa hospitali uko mikononi mwa Waganda. Piero alifariki Aprili 2003. Aliwahi kuyaona hayo yakianza.

Nimalize kwa mambo ya hapa kwetu. Nimekwisha zungumza na wakuu wa idara za upasuaji na uzazi, na tumekubaliana hivi. Kuanzia Jumatatu, kila operesheni iliyopangwa itakuwa na intani mmoja aliyeosha mikono akiwa ng'ambo ya mpasuaji, jina lake liandikwe ubaoni tangu jioni ya kabla, ili aende akasome na akamwone mgonjwa wodini. Mpasuaji atakayemwacha pembeni atatueleza sababu kwenye kikao cha Ijumaa. Kwa kliniki ya kujitolea tunayoifanya zahanati siku ya Jumamosi, kila daktari aende na wanafunzi wawili, mmoja wa udaktari na mmoja wa uuguzi, na anayeongoza kupitia wagonjwa awe muuguzi wa zahanati ile, maana Jumatatu ndiye atakayebaki nao. Karatasi ya kujiandikisha iko kwa muuguzi mkuu, ghorofa ya chini, na mpaka naingia humu nafasi nyingi zilikuwa bado wazi.

Asanteni. Nipo tayari kwa maswali, na tuanze na wanafunzi wa uuguzi.